Nani Aliua Gemu ya Baba?

Desemba 1999, siku chache kabla ya Krismasi, gemu yetu iligoma kuwaka na kesi ikaniangukia mimi. Ushahidi ulikuwa mmoja tu: mimi ndiye niliyekuwa napuliza kaseti. Kaka alisimama mbele ya baba, mikono nyuma kama mwanafunzi anayeghani shairi, akaeleza kwamba mate yangu yameingia ndani na kuunguza kila kitu. Nilikuwa na miaka kumi. Sikuwa na wakili, na kusema kweli hata mimi mwenyewe niliamini nimeua.

Inabidi mjue gemu ile ilitoka wapi. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, pale Tanga, katika ile miaka ambayo viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa au kufungwa kimoja baada ya kingine. Kiinua mgongo chake kilinunua mabati, cherehani ya mama, TV ya mtumba na, kwa kuwa alikuwa ametuahidi kwa muda mrefu, gemu. Baada ya kumsikiliza kaka hakunichapa. Angenichapa yangeisha. Alisema tu, "Kumbe kiinua mgongo changu kimeishia mdomoni mwako," akatoka kwenda kukaa barazani.

Baba alifariki mwaka 2011. Mwaka jana, mama alipohamia kwa dada, tuliikuta gemu ndani ya boksi la sabuni, imefungwa kwa kipande cha kanga, pamoja na kaseti mbili na pedi moja. Nikaibeba hadi Dar es Salaam. Sikuwa na mpango wa kucheza. Nilitaka kujua kama mate ya mtoto wa miaka kumi yanaweza kuua mashine.

Fundi niliyempelekea ana meza yake Kariakoo, kwenye korido ya ghorofa ya chini, anatengeneza redio, sabufa na zile TV za chogo ambazo watu bado wanazing'ang'ania. Ni mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Nilipomsimulia kesi yangu alicheka mpaka akaweka mita chini. "Kijana wangu, kaseti hata ukiilamba haiui gemu," akasema. "Itagoma kusoma, basi. Hii imekufa kwa ugonjwa mwingine." Akaniambia niiache, nirudi Alhamisi.

Siku nne zile nikazitumia kusoma habari za kupuliza. Nilidhani ulikuwa ujinga wa mtaa wetu. Kumbe watoto wa nusu ya dunia walikuwa wanapuliza.

Lakini kwanza kaseti yenyewe, maana bila kaseti kusingekuwa na cha kupuliza. Gemu za mwanzo za nyumbani hazikuwa nayo. Mmarekani aliyenunua Pong ya Atari mwaka 1975 alikuwa amenunua mchezo mmoja uliojengwa ndani ya saketi. Akiuchoka, imekula kwake. Magnavox Odyssey ya mwaka 1972 ilikuwa na vikadi vya kuchomeka, ila vikadi vile havikubeba mchezo wowote. Viliunganisha tu njia za umeme kwa namna tofauti, na mandhari yaliyobaki ulibandika mwenyewe, karatasi ya plastiki yenye picha juu ya kioo cha TV.

Kaseti iliyobeba mchezo kamili ndani ya chipu, ambayo unaitoa na kuweka nyingine, iliingia madukani Marekani Novemba 1976 na mashine iitwayo Fairchild Channel F. Aliyeongoza kazi hiyo pale Fairchild alikuwa Jerry Lawson, mtu mweusi katika sekta ambayo wakati huo ungeweza kuwahesabu wahandisi weusi kwa vidole. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1940, akakulia Queens, na alipokuwa kijana alijipatia hela kwa kwenda nyumba za watu kutengeneza televisheni. Nilipofika hapo nilisimama kidogo. Mtu aliyeleta kaseti nyumbani mwa watu alianza maisha kama fundi TV.

Tusimpe sifa zisizo zake: wazo la mchezo unaochomekwa na kuchomolewa lilitoka kwa wahandisi wa kampuni nyingine ndogo, Alpex. Kazi ya Lawson na wenzake ilikuwa kulifanya wazo lile listahimili mikono ya watoto. Hiyo si kazi ndogo. Chipu hadi wakati huo ilikuwa kitu kinachochomewa kwenye bodi kiwandani na kubaki humo mpaka kufa. Sasa kuna mtu anataka ichomekwe na kuchomolewa mara mia, mara elfu, kwenye zulia lenye umeme tuli, na mtoto mwenye vidole vya siagi. Lawson alikuja kukumbuka, katika mahojiano ya miaka ya mwisho ya uhai wake, kwamba hakuna aliyekuwa na takwimu za jambo hilo: hawakujua kitakachotokea kifaa kama hicho kikiingizwa na kutolewa tena na tena. Alifariki Aprili 2011, mwezi mmoja tu baada ya chama cha watengeneza gemu kumpa heshima ambayo ilipaswa kumfikia miaka thelathini kabla.

Hofu ya Lawson ndiyo historia nzima ya ufundi wa gemu za zamani. Mahali pale kaseti inapogusana na mashine, vile vidole vya shaba vinapoingia kwenye meno ya soketi, ndipo magonjwa mengi huanzia. Fundi anaweza kukufungulia mashine ishirini, na nyingi kati yake ukakuta hazina kosa lolote isipokuwa kwamba sehemu mbili zilizokusudiwa kugusana hazigusani.

Mashine iliyosambaza ugonjwa huu duniani ni ya Nintendo, na kisa chake kina mizunguko. Nintendo ilianza kuuza Famicom Japani tarehe 15 Julai 1983. Iliongozwa kiufundi na Masayuki Uemura, na haikuanza vizuri: mashine za mwanzo zilikuwa na chipu mbovu iliyosababisha gemu kuganda, kampuni ikalazimika kuzirudisha na kuzitoa upya zikiwa na bodi nyingine. Hata vitufe vya pedi vya kwanza, vya mraba na vya mpira, vilikuwa vinanasa, vikabadilishwa kuwa vya duara. Lakini upande wa kaseti Famicom ilikuwa rahisi. Kaseti inaingia kwa juu, imesimama, meno 60 yanaibana, inasoma. Hakuna hila.

Hila ilianzia Marekani. Mwaka uleule wa 1983 soko la gemu kule lilikuwa limeporomoka. Maduka yalijaa kaseti mbovu ambazo kila mwenye karakana alikuwa anazitoa, na Atari ilifika mahali pa kuzika shehena ya kaseti zisizouzika jangwani Alamogordo, New Mexico, zikiwamo za mchezo wa E.T. (Watu walicheka wakisema ni uzushi, hadi Aprili 2014 zilipofukuliwa.) Wenye maduka hawakutaka tena kusikia neno gemu. Kwa hiyo Nintendo ilipovuka bahari mwaka 1985, ikianzia New York, ilikuja imejificha. Mashine ilibadilishwa umbo, ikawa boksi la kijivu lililofanana na deki ya video. Kaseti haikuchomekwa tena kwa juu. Ulifungua mlango mbele, ukaisukuma ndani imelala, ukaikandamiza chini mpaka inase, kama mkanda wa video.

Ili kaseti iingie bila kulazimishwa halafu ikandamizwe, walitumia soketi maalumu ya pini 72, laini, zinazojikunja kidogo kila ukibonyeza. Zikiwa mpya zinafanya kazi safi. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya mtoto kubonyeza na kuachia, pini zinapoteza ukakamavu wake, zinalala. Ongeza vumbi, ongeza ukungu mwembamba unaojijenga juu ya shaba, na mawasiliano yanakatika hapa na pale.

Hilo peke yake lingeleta picha yenye mistari au herufi zilizochanganyikana, na mtu angevumilia. Nintendo iliweka na kufuli. Ndani ya mashine kulikuwa na chipu ndogo, na ndani ya kila kaseti iliyoruhusiwa pacha wake. Ukiwasha, pacha hawa wawili wanaanza kupiga hesabu ileile ya siri, kwa mwendo mmoja, huku wakilinganisha majibu. Majibu yakipishana, chipu ya mashine inaona huyu ni mgeni asiyealikwa, inaiwasha upya mashine. Takriban mara moja kila sekunde. Taa nyekundu inawaka na kuzima, kioo kinawaka na kuzima, mtoto analia.

Kufuli hili lilikusudiwa kuzuia kaseti za watu wasio na kibali. Lakini halikuweza kutofautisha kati ya kaseti ya mwizi na kaseti halali ambayo pini yake moja tu imelegea. Zote mbili liliziona ni wahalifu. Kwa hiyo mnunuzi aliyelipa hela yake kamili, dukani, kwa risiti, alikuwa anafungiwa mlango kwa sababu soketi ya kampuni imechoka.

Mtoto afanye nini? Anatoa kaseti, anapuliza, anarudisha. Inawaka! Basi, kesho anafanya tena, anamfundisha mdogo wake, mdogo anamfundisha jirani. Hakuna aliyeandika popote kwamba pulizeni. Ilisambaa kwa mdomo, kihalisi. Kilichosaidia, kwa mujibu wa mafundi karibu wote, ni kule kutoa na kurudisha. Kaseti ikiingia upya inakaa kwa pembe tofauti kidogo, pini nyingine zinagusa, hesabu za pacha zinakubaliana. Pumzi ilipewa sifa ya kazi iliyofanywa na mkono. Na pumzi ina unyevu: ukipuliza miaka mitatu unaotesha kutu palepale unapotaka pawe safi.

Nintendo nayo ilikuja kuwaambia wateja wasipulize. Ilianza kuuza kifaa cha kusafishia mwaka 1989, na nyuma ya kaseti kulikuwa na onyo la kutotumia spiriti, tina wala vimiminika vya aina hiyo. Nikiyasoma maonyo yale leo naisikia sauti ya kaka yangu. Kosa lilikuwa limeundwa ndani ya boksi, lakini anayenyooshewa kidole ni mwenye mdomo. Mwaka 1993 kampuni ilitoa toleo dogo la mashine ileile. Kaseti ikarudi kuingia kwa juu, na kufuli halikuwekwa. Sijui mnahitaji ungamo gani zaidi ya hilo.

Mafundi wa huko walikuwa wameshajiamulia. Dawa ya kufuli ni kuukata au kuunyanyua mguu wa nne wa ile chipu ndani ya mashine. Ukishaachia, chipu inakaa kimya na haimuulizi mtu kitambulisho. Soketi iliyolegea wengine wanaichemsha kwenye sufuria ya maji, kama mayai, kuondoa uchafu wa miaka, kisha wanaikausha sawasawa. Wengine wananunua soketi mpya za bei rahisi zinazobana kaseti kwa nguvu hadi unaitoa kwa kuvuta kama jino. Na shaba za kaseti? Kijiti cha pamba na ile ile spiriti iliyokatazwa.

Sasa, gemu yetu ya Tanga haikuwa na kufuli lolote, na hapo ndipo utetezi wangu unapopata nguvu.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70 na walitucheka kwa haki. TV zilipoanza kuingia majumbani, gemu ziliingia nazo, na hazikuwa za Nintendo. Viwanda vya Taiwan, na baadaye vya China, vilikuwa vimeinakili Famicom ya Japani, ile ya meno 60 isiyo na kufuli, na nakala zake zikasambaa kila mahali ambapo Nintendo yenyewe haikujisumbua kwenda. Urusi waliiita Dendy, kuanzia mwaka 1992. Poland waliiita Pegasus. Kwetu haikuwa na jina. Ilikuwa "gemu" tu, kama vile dunia nzima kulikuwa na moja. Ya kwetu ilivishwa ganda lililoiga mashine ya kampuni nyingine kabisa, na boksi lake lilikuwa na picha ya mwanajeshi ambaye hayumo kwenye mchezo wowote.

Kaseti zake mnazikumbuka. Imeandikwa michezo 9999999 ndani ya moja, unafungua orodha unakuta ni michezo michache imejirudia kwa majina tofauti: Mario anaanza hatua ya kwanza, Mario anaanza hatua ya tatu, Mario anaruka juu zaidi. Vifaru, ambayo jina lake halisi ni Battle City ya Namco ya mwaka 1985. Contra. Bata wa kupiga kwa bunduki. Hiyo bunduki, kwa taarifa tu, haitapiga bata yeyote kwenye TV bapa ya siku hizi hata ukimsogelea mdomoni. Ukivuta kitufe, mchezo unafanya kioo chote kuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, halafu unaweka kiboksi cheupe alipo bata. Bunduki ina jicho linalosubiri mwanga huo kwa wakati maalumu, na wakati huo ni wa TV ya chogo. TV bapa inachelewa. Nimemwona mtu mzima akilaumu macho yake.

Kwa kuwa hakukuwa na kufuli, kaseti yetu ikikataa kusoma haikuwasha na kuzima. Ilileta kioo cha rangi moja, au herufi zilizosambaa kama kunguni waliomwagiwa maji ya moto. Na ukikosea chaneli unapata chenga. Sisi tulipuliza kwa yote matatu. Kibandani kwa jirani yetu, ambapo ulilipa ukae mpaka ufe (ufe kwenye gemu), mwenye kibanda ndiye pekee aliyeruhusiwa kupuliza. Alikuwa anaielekeza kaseti pembeni, anafumba macho, anapuliza mara tatu. Mpaka leo nikimwona mganga kwenye filamu namkumbuka yeye.

Alhamisi nikarudi Kariakoo. Gemu ilikuwa imefunguliwa mezani, nikashangaa utupu wake. Bodi ndogo kama kiganja, na katikati yake tone jeusi la gundi ngumu. Chini ya tone hilo kuna Famicom nzima, ile iliyokuwa chipu kadhaa mwaka 1983, imebanwa ikawa moja na kumwagiwa lami juu. Fundi aliligusa kwa bisibisi. "Huyu akifa hatuna la kufanya. Hana mguu wa kuchomoa, hana namba ya kuagizia. Unazika. Ndiyo maana hatuanzii kwake."

Anaanzia wapi? Kwenye umeme. Hapo alinipa somo ambalo natamani ningelipata nikiwa na miaka kumi. Mtu asiye fundi anaanza kutafuta ugonjwa pale anapouona, yaani kwenye picha. Fundi anaanza pale chakula kinapoingia. Je, adapta inatoa kitu? Je, kinafika mlangoni? Swichi inapitisha? Halafu kuna kadude kenye miguu mitatu, mgongo wa bati, kazi yake kupokea volti tisa au zaidi kutoka kwenye adapta na kutoa tano kamili, maana tano ndizo chipu inazokula. Mafundi wanaliita kwa namba, 7805. Aliweka waya mmoja wa mita kwenye mguu wa katikati, mwingine kwenye mguu wa kuingilia. Tisa na kitu. Akahamia mguu wa kutokea. Mita ikaandika sifuri.

"Umeona? Mgonjwa hakula tangu 1999."

Kifua cha kadude kilikuwa kimepasuka, nyufa nyembamba ambayo ningeipita mara mia. Karibu yake kulikuwa na kapasita, kikopo kidogo cha bati, kimevimba kichwa na kutoa uchafu wa kahawia uliokauka juu ya bodi. Fundi alikiinamia kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: adapta yake iko wapi?

Haikuwemo kwenye boksi. Wala sikukumbuka kuiona siku za mwisho.

Akaniambia kikopo kama kile kina upande wa chanya na upande wa hasi, na hakisamehe. Ukikigeuzia umeme, au ukikipa volti zinazozidi kipimo chake, kinachemka ndani na kupasuka. Kwa sura ya madhara, na kwa jinsi njia ya shaba ilivyoungua kutokea mlangoni kuelekea ndani, huyu aligeuziwa. Mtu alichomeka adapta ambayo si yake. "Zile adapta za redio," akasema, "zenye kiswichi cha kuchagua volti na kingine cha kugeuza chanya na hasi. Zimeua gemu nyingi kuliko shoti. Mate yako, kijana wangu, hayana volti."

Alibadilisha kadude na kikopo, vitu ambavyo pamoja havikufika bei ya chai na chapati mbili. Akaunganisha njia iliyoungua kwa kipande cha waya, akaongeza dayodi mlangoni ili umeme ukija kinyume ugonge ukuta. Kaseti alizifanyia kazi mwenyewe mbele yangu: ufutio wa shule, taratibu, kwa upande mmoja tu, halafu spiriti, halafu kusubiri ikauke. Nilimuuliza kwa nini asipulize yale makombo ya ufutio. Akanitazama juu ya miwani, akachukua brashi.

Tone jeusi lilikuwa hai. Kwenye TV ya chogo aliyoiwasha juu ya kabati, baada ya chenga za kutosha, ilitokea orodha ya michezo 9999999.

Kuna jambo moja lililonisumbua wakati tunasubiri ile spiriti ikauke, na wasomaji wa vitabu watanielewa. Kaseti zetu za Kariakoo hazikukumbuka kitu. Umeme ukikatika, na miaka ile ya mgao ulikatika kweli, Contra unaanza upya. Lakini mwaka 1987 Nintendo ilipoipeleka The Legend of Zelda Marekani iliweka ndani ya kaseti betri bapa kama ya saa, kazi yake kulinda kumbukumbu ya ulipofikia hata mashine ikizimwa. Mchezo ulikuagiza uzime huku umebonyeza RESET, ili wakati umeme unaondoka mashine isiandike upuuzi juu ya kumbukumbu yako. Kaseti za namna hiyo zilifuata nyingi. Betri zile sasa zinakufa, moja baada ya nyingine, ndani ya masanduku ya watu. Fundi akiitoa betri bila tahadhari, mchezo unabaki mzima, kinachofutika ni jina la mtoto aliyeucheza na mahali alipoishia. Wenye huruma wanainakili kumbukumbu kwanza kwenye kompyuta ndipo wachomoe.

Huku pwani familia nyingi zilihifadhi tenzi kwenye masanduku ya mbao, karatasi zenye herufi za Kiarabu na pembeni maelezo ya mwenye nakala, na mchwa hawakubagua utenzi na maelezo. Wasomi walioziokoa mara nyingi walinakili utenzi wakaacha pembezoni. Najua si sawa kulinganisha, ila mkono unaoshika kisu cha kuchomoa betri unafanya uamuzi uleule: kipi ni maandishi na kipi ni uchafu.

Nintendo ya Japani iliendelea kupokea Famicom mbovu na kuzitengeneza hadi tarehe 31 Oktoba 2007, miaka 24 tangu ianze kuuzwa, ikaacha kwa sababu vipuri vilikuwa vinaisha. Uemura, aliyeisanifu, alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Ritsumeikan kule Kyoto na kusimamia kituo cha utafiti wa gemu; alifariki Desemba 2021. Kuanzia 2007 kazi hiyo haina mwenyewe. Iko mikononi mwa watu wenye meza kwenye korido.

Jioni ile nilimpigia kaka, yuko Mwanza. Nilimweleza yote, kadude, kikopo, chanya na hasi. Nilitarajia acheke. Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekata.

"Adapta ya gemu iliungua asubuhi," akasema. "Nikachukua ya redio ya baba. Nilisikia harufu. Nikairudisha kwenye redio kabla hujarudi dukani."

Alikuwa na miaka kumi na minne. Baba alisikiliza taarifa ya habari kwa redio ile kila saa mbili usiku, na adapta ile hakuna aliyeigusa. Nikamuuliza kwa nini hakusema hata baadaye, hata tulipokuwa watu wazima. Akasema kila mwaka ilikuwa inazidi kuwa ngumu, halafu baba akafa.

Sikujua nijibu nini, kwa hiyo nikamuuliza pedi ya pili iko wapi, maana kwenye boksi ilikuwamo moja tu.

Akanyamaza tena. Akasema anayo. Iko kwenye droo, Mwanza.